Nitakabidhiwa ufunguo wa sakristia, nami nimeanza tena kunywa kwa siri

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, naishi kijiji kimoja wilayani Masasi. Nina mke na watoto watatu. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa, babu yangu alibatizwa na wamisheni. Msimu wa korosho nafanya ukarani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi. Msimu ukiisha nalima ufuta na mbaazi.

Nilikunywa kwa miaka 17. Nilianzia kwenye uraka, pombe ya mabibo (tunda la korosho), kama watoto wengi wa huku: mabibo yakishakamuliwa unaonjeshwa kikombe kingali kitamu. Baadaye nikahamia kwenye nipa, gongo la mabibo. Niliuza pikipiki, nikauza mabati niliyonunua kwa ajili ya nyumba, nikaokotwa barabarani mara nisizoweza kuhesabu. Mke wangu alirudi kwao Nachingwea akakaa miezi minane.

Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa maombi, nilipiga magoti nikasema basi. Tangu saa ile sikugusa. Siku ya pili mikono ikatetemeka hata kijiko hakishikiki. Usiku wa tatu nikaona siafu wanapanda ukutani, wanaingia ndani ya chandarua, nikawa napiga mayowe. Ndugu wa kanisani walikuja wakakemea mapepo mpaka alfajiri. Kulipopambazuka nikaanguka, mwili wote ukakakamaa, povu mdomoni. Mdogo wangu hakumsikiliza mtu. Alinipakia kwenye bodaboda, nikabanwa katikati yake na dereva, akanifikisha hospitali. Nililazwa siku tano kwa sindano na dripu.

Nilipotoka nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema Yesu aliniponya kwa siku moja. Hospitali sikuitaja, niliona nikiitaja nitampunguzia Mungu utukufu wake. Ushuhuda ule ulipendwa, nikaalikwa kuutoa kwenye makanisa ya mitaa mingine minne. Kuna kijana wa hapa, fundi baiskeli, aliacha kunywa baada ya kunisikia. Kila Jumapili anakaa benchi moja na mimi.

Sasa shida yangu. Mama yangu anapika nipa, na nyumba yake na yangu ziko ua mmoja. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano, na lile pipa ndilo lililotulea. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Nilipookoka nilimwambia, "Mama, kazi hii uiache." Akanijibu, "Nikiiacha, utanilisha wewe?" Sikuwa na la kusema, maana mwaka ule hata wanangu walikuwa wanakula kwake.

Msimu huu mabibo yamekuwa mengi. Tangu mwezi wa kumi harufu yake iko kila mahali: shambani, kwenye nguo za watu wanaoleta magunia, kwenye mikono yangu mwenyewe. Usiku nikilala nasikia matone yakidondoka kwenye chupa, jikoni kwa mama. Nimekunywa mara tatu. Mara ya kwanza tulifunga mizani saa tatu usiku. Nilikuwa nimegombana na mkulima juu ya kilo, na sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi. Nikapita jikoni kwa mama kutafuta maji. Maji yalikuwepo, na chupa ilikuwepo. Nilikunywa nimesimama, gizani, nusu chupa. Nikatafuna majani ya mpera, nikaenda kulala. Mara ya pili na ya tatu ilikuwa vilevile: usiku, natoka mizani, watu wote wamelala.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kabla ya Krismasi, nitaapishwa kuwa mzee wa kanisa. Nilichaguliwa bila kupingwa. Pamoja na kazi hiyo nitakabidhiwa ufunguo wa sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, na divai inakaa humo, kwenye kabati. Hata sasa kikombe cha Ushirika kikinikaribia moyo unanienda mbio, sijui kama namfuata Bwana au nafuata harufu.

Nikikataa uzee wataniuliza sababu. Nikisema ukweli mbele ya kanisa, ushuhuda wangu utaonekana uongo na yule kijana atarudi kilabuni. Nikinyamaza, nitaapa mbele ya altare kwa mdomo huu huu. Na mama je? Nihame nimwache peke yake na miaka yake 68? Nilifunga siku saba nikiomba, na siku ya tisa nikanywa. Usiku najiuliza: Mungu aliniponya kweli, au nilijidanganya?

Naomba jina langu lisitajwe.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako halitatajwa, na kijiji chako pia.

Ngoja kwanza nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekusikia. Pombe imerudi, kwa siri, mara tatu. Kanisa linakupa heshima ambayo unahisi huistahili, na heshima hiyo imefungwa pamoja na ufunguo wa mahali penye divai. Mama aliyekulea kwa pipa la nipa bado analipika, hatua chache kutoka kitandani kwako. Lakini kuna kitu cha nne umekipitia haraka kwenye barua: zile siku tano za hospitali. Nianze hapo, maana nadhani zinakubana koo kuliko ufunguo wenyewe.

Nimefanya uuguzi miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na hao siafu wako nawajua. Mtu akinywa pombe kali kila siku kwa miaka, ubongo unajizoeza kufanya kazi chini ya uzito wake. Ukiuondoa ghafla, ubongo unafyatuka kama mti uliokuwa umekunjwa. Kutetemeka huanza ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Degedege huweza kufuata. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huona vitu ambavyo havipo, huchanganyikiwa, jasho linawatiririka, na wapo wanaokufa. Hospitali humpa mgonjwa dawa ya kutuliza ubongo kama diazepamu, pamoja na vitamini B1 na maji, kisha humwangalia usiku na mchana. Mdogo wako aliokoa maisha yako. Wale waliokesha kukuombea walikupenda pia, sitaki uwadharau. Ila sioni kwa nini tuseme Mungu alikuwepo kwenye maombi ya usiku akakosekana kwenye dripu ya asubuhi. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, alikuwa tabibu na Mkristo kwa wakati mmoja.

Hili nalisema kwa upole lakini silipunguzi. Ulipotoa ushuhuda wa siku moja kwenye mitaa ile, huenda benchi la nyuma alikuwepo mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi. Akirudi nyumbani, afunge mlango, aache ghafla kama wewe, na asiwe na mdogo wake mwenye bodaboda, itakuwaje? Wewe uliogopa kwamba hospitali itapunguza utukufu wa Mungu. Je, haiwezekani kwamba sehemu uliyoiacha ndiyo mlevi mwenzako angeihitaji kuliko zote? Na wewe mwenyewe, ikitokea mara hizi tatu zikageuka kuwa kila siku, usijifungie chumbani kuacha. Nenda hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au Ligula, popote palipo karibu, useme wazi unakunywa kiasi gani.

Sasa lile swali lako la usiku. Wewe umechukulia kwamba kuponywa ni tamaa kung'olewa, na kama ingalipo basi hukuponywa. Wapo watu ambao tamaa iliondoka siku waliyoomba na haikurudi, nimewaona, siwapingi. Wapo wengine wanaompenda Bwana kwa moyo wote na bado wanatembea nayo. Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, na alichopewa ni neno hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba hatuambiwi kama uliondoka. Umekaa miaka miwili bila kunywa, mwanangu, kwenye ua wenye pipa. Mimi siwezi kuiita miaka hiyo uongo kwa sababu ya usiku wa aina tatu.

Nimesema usiku wa aina tatu, lakini ukiusoma tena ni usiku wa aina moja. Mizani imefungwa, hujala tangu asubuhi, una hasira, umechoka, uko peke yako. Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari, walianza kusaidiana kuacha. Wote wawili walikuwa wamepita kwenye kikundi cha Kikristo cha maombi na maungamo, na kazi yao ikaja kuwa ushirika wa Alcoholics Anonymous ulioenea nchi nyingi. Watu wa ushirika huo huonyana juu ya mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Wewe ulikuwa nayo yote manne saa tatu usiku.

Ndiyo maana nataka tuutazame na ule mfungo wa siku saba. Kufunga ni kwema. Lakini kwa mtu ambaye njaa ndiyo inayomshika mkono na kumpeleka jikoni kwa mama yake, zungumza na padri kama kuna namna nyingine ya kufunga msimu huu. Unajua lile andiko la Wakorintho, kwamba pamoja na jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea". Mara nyingi tunausubiri mlango huo ushuke kutoka juu. Kwako unaweza kuwa sahani ya ugali na mbaazi saa kumi na moja jioni, kwenye mizani.

Nije kwenye ufunguo. Umejiwekea njia mbili, kunyamaza au kusimama mbele ya kanisa zima. Nadhani ziko zaidi, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuapa na kunyamaza. Hofu yangu hapo si divai ya kabatini, maana nipa uko nayo karibu zaidi kila siku. Hofu yangu ni siri. Siri hukua, na mtu mwenye siri hunywa ili kuisahau. Unaweza kukataa ukasema msimu una kazi nyingi. Ni kweli kwamba zipo, na ungepata nafasi ya kupumua, ila utakuwa umeongeza kificho juu ya kificho, na mwakani watakuchagua tena. Unaweza kusimama mbele ya wote. Yakobo anasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa," na nimeona watu waliowekwa huru hivyo. Lakini Jumatatu habari itakuwa imefika kwenye mizani. Wewe ndiye unayesoma kilo za watu. Mkulima uliyegombana naye atasema ulikuwa umelewa. Wanao watasikia shuleni. Na mkeo, je, umemuuliza kama yuko tayari kusimama hapo pamoja nawe?

Kuna kumwambia mtu mmoja. Kanisa lenu la Masasi, tangu misheni ilipofika mwaka 1876, limelelewa katika desturi ya maungamo kwa padri, na kinachosemwa pale padri hana ruhusa ya kukitoa. Wale wa Akron nao, walipoandika hatua zao kumi na mbili, kwenye ya tano waliweka wasikilizaji watatu: Mungu, nafsi yako, na binadamu mwingine mmoja. Hawakusema kijiji kizima. Pale kwa padri mnaweza kuyapima mambo ambayo peke yako huyaoni: kwamba kiapo kinaweza kusogezwa mbele, au ukaapa lakini ufunguo akakaa nao mzee mwingine, maana uzee wa kanisa na ufunguo si kitu kimoja. Na kikombe pia. Ukipokea mkate peke yake umepokea Ushirika ulio kamili, hukupungukiwa na kitu. Wagonjwa wengi hupokea hivyo na hakuna anayewahesabu. Hata hivyo nisikufiche: padri ni mwanadamu. Anaweza kukushauri ukae pembeni kwa muda, na itauma. Ukienda, nenda ukijua kwamba hilo linawezekana.

Na kabla ya padri, nina jambo kuhusu nyumbani. Umeandika kana kwamba hakuna anayejua. Mke aliyelala kitanda kimoja na mlevi hadhani kwamba majani ya mpera ni dawa ya meno. Na mama anayepika nipa anazijua chupa zake kama mfugaji anavyojua kuku wake. Nusu chupa ikipungua usiku, asubuhi ameshaiona. Inawezekana nakosea. Lakini inawezekana pia wanawake wawili katika ua wako wanajua, kila mmoja ananyamaza akikungoja wewe.

Fundi baiskeli wako nimemwaza sana. Unaogopa kwamba ukianguka ataanguka. Huenda. Ila naye ana misimu ya mabibo mbele yake, na usiku wake utafika. Siku hiyo atamwendea nani, kama mtu pekee anayemjua aliacha kwa siku moja na hajatamani tena?

Kuhusu mama, hapa ndipo ninapoona ugumu mkubwa, na sina neno jepesi. Kupika nipa bila leseni ni kosa kisheria, na nipa isiyopimwa huweza kupofusha mtu au kumuua. Hayo mama anayajua kuliko mimi. Lakini ukimwambia aache, anasikia kwamba mwanawe aliyesomeshwa na lile pipa sasa analionea aibu. Je, umewahi kumshukuru kwa ajili ya ile ada, kabla ya kumwomba lolote?

Na lile swali lake, "utanilisha wewe?", wewe ulilipokea kama kukataa. Mimi nikilisoma naliona ni swali, na limekaa miaka miwili bila jibu. Wakati ule hukuwa na kitu. Sasa una posho ya mizani, una ufuta, una mbaazi. Pengine hutoshi kumlisha mwaka mzima, lakini mnaweza kuketi mkahesabu pipa linaingiza shilingi ngapi kwa msimu ukitoa kuni, ukitoa madeni ya wanywaji wasiolipa, na hofu ya kukamatwa. Wapo kina mama wanaobangua korosho, na kituo cha utafiti cha Naliendele kimefundisha watu kutengeneza juisi na jamu ya mabibo. Sikwambii ni rahisi: jamu kijijini haina mnunuzi wa kila jioni kama nipa ilivyo naye. Kama kuacha hawezi, kuna hatua za katikati, kwa mfano pipa kuhamia kwa dada yake, au chupa kulala kwenye chumba chenye kufuli na ufunguo akae nao yeye. Kuhama nako ni njia, na si lazima uhamie mbali. Lakini fikiria nani atamchotea maji. Kwa mila za huku kusini neno la mjomba lina uzito. Kama kaka yake mama yupo na ni mtu wa busara, pengine yeye aseme kile ambacho wewe kwake bado ni mtoto kukisema.

Kuna mtu kwenye Biblia ninayemkumbuka kila nikisoma barua kama yako. Ni Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma. Alipokwisha kutakasika mtoni Yordani, alimwambia Elisha mapema kwamba kazi yake itamrudisha kwenye nyumba ya Rimoni, mungu wa bwana wake, na kwamba bwana wake atauegemea mkono wake, naye atalazimika kuinama. Hakusubiri ainame kwanza ndipo aungame. Alitaja mahali penyewe, mlango wenyewe, mkono wenyewe. Elisha hakumkaripia wala hakumwambia aache kazi; alimwambia aende kwa amani. Wewe pia una nyumba unayopaswa kuingia kila siku, na unaijua saa yake. Hujamtajia mtu bado, isipokuwa mimi.

Majilio hayajafika, una wiki kadhaa. Usiamue yote usiku mmoja. Kesho, kabla hujaenda mizani, mwombe mkeo akufungie chakula cha jioni. Akikuuliza kwa nini, hapo utajua mwenyewe kama ni wakati wa kumwambia. Na mdogo wako, yule wa bodaboda, mwombe msimu huu awe anakuja kukuchukua mizani ikifungwa, mpite pamoja mbele ya jiko la mama mpaka mlangoni kwako. Kisha niandikie, hata kama umekunywa. Hasa kama umekunywa.